SOMO: Nywele za dawa kwenye baridi ya Calgary, Kanada (soma kabla hujanijia inboksi)

Tangu Oktoba naulizwa swali lile lile: "Dada, mbona Dar nywele zilinifika mgongoni, hapa zinabaki kwenye chanuo?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hapa.

Sina cheti. Nimesuka watu barazani kwetu Tandika, na huu ni msimu wangu wa saba wa baridi hapa.

Kwanza elewa kinachokukata nywele. Hewa ya nje ni kavu, na ukiingia ndani hita inaikausha zaidi. Unywele wa dawa umenyooka kwa sababu dawa imevunja vifungo vyake, kwa hiyo nguvu umeshapungukiwa. Ukauke tena juu yake, utakatika tu.

1. Osha mara moja kwa wiki, maji ya vuguvugu.

2. Kondishena kila ukiosha. Dakika 20 hadi 30, mfuko wa plastiki kichwani, taulo la moto juu yake.

3. Mara moja kwa mwezi, shampuu ya kutoa chokaa. Kwenye chupa tafuta herufi EDTA. Maji ya Calgary ni magumu. Chungulia ndani ya birika lako uone ule ukoko mweupe, ndio unaoogea. Na zile dawa za boksi za kuchanganya mwenyewe nazo huacha kalsiamu kwenye unywele. Chokaa juu ya chokaa, halafu unalalamika mafuta hayaingii.

4. Paka losheni ya nywele ya majimaji zikiwa bado na unyevu, ndipo mafuta kidogo. Mafuta juu ya nywele kavu yanang'arisha ukavu.

5. Usitoke nje na nywele mbichi.

6. Kofia ya sufu na kola ya koti zinasaga nywele. Weka satini ndani. Usiku jifunge skafu ya satini.

7. Retachi, yaani kurudia dawa kwenye mizizi iliyoota. Hapa tulieni.

Msimu wangu wa pili, Januari, ngozi ya kichwa ilikauka ikawa inawasha. Ijumaa usiku nikajikuna kwa chanuo la mkia mpaka raha ikaisha. Jumamosi asubuhi nikapaka dawa mwenyewe bafuni. Dakika ya tano moto ukawaka. Nikavumilia, maana mizizi ilikuwa bado haijalala, na sisi tumelelewa kwamba dawa isipochoma haijashika. Kosa la pili, niliivuta kwa chanuo mpaka kwenye nywele zilizokwisha kuwekwa dawa. Usiku ule kichwa kilitoa majimaji, asubuhi nywele zimeganda kwenye foronya. Wiki ya pili, nyuma ya sikio la kushoto, sehemu ya upana wa kiganja ikabaki na urefu wa kucha. Nilivaa kofia ndani ya nyumba mpaka Mei.

Kwa hiyo: siku tatu kabla ya dawa usikune, usioshe, usisuke vya kubana. Ukiwa na kidonda au magamba, ahirisha, hata kama kuna harusi. Usirudie kabla ya wiki 8. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kabla ya hapo utapaka nini kama si nywele za zamani? Vaselini kwenye kingo na masikio. Nywele za zamani zipake kondishena nzito ili dawa isizile. IKICHOMA, OSHA. Usihesabu dakika za kwenye boksi. Kisha ile shampuu ya kuua dawa, mara tatu. Kama ni ya kubadili rangi, usiache mpaka povu liwe jeupe kabisa.

MASWALI

Mwali wa Pangani: Naweza kutoka na nywele mbichi nikivaa kofia?
— Hatua ya 5.

kipusa_88: Nina wiki 3 tangu niweke dawa ila mizizi haijalala vizuri. Nirudie?
— Hapana.
kipusa_88: Shoga yangu alirudia na hakupata shida.
— Basi mwambie shoga yako akupake, na picha usinitumie.

Bi Nuru: Samahani dada, kuna losheni yenye glisirini ilinipenda sana Mombasa. Huku nikipaka nywele zinakuwa kama nyasi. Imeharibika?
— Haijaharibika, mpenzi, na umeuliza la maana. Glisirini kazi yake kuvuta maji. Mombasa hewa imejaa unyevu, inavuta huko. Hapa hewa haina kitu, inageuka kuvuta ya kwenye unywele. Kama iko miongoni mwa majina ya mwanzo kwenye lebo, iweke kando mpaka kiangazi. Na siku za chinook, ule upepo wa joto wa katikati ya baridi, usidanganyike na lile joto, upepo ule nao ni mkavu.
Bi Nuru: Asante. Na mafuta ya nazi yamekuwa jiwe kwenye kopo.
— Chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, ni tabia yake. Sugua kiganjani.

Asili Tupu: Mngeacha tu hizo kemikali. Zina saratani.
— Somo ni la wenye dawa. Ila usidhani hatusomi: utafiti wa taasisi za afya za Marekani wa 2022 ulikuta saratani ya mji wa mimba zaidi kwa waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka. Mimi naweka mara 3, na Januari siweki tena. Kichwa changu.

Mama Pacha: Satini ya kofia mnapata wapi? Wanangu nao nywele zinakatika kisogoni.
— Mimi nilikata bitana ya gauni langu la sendofu, halinitoshi tena.
Mama Pacha: 😂 Cherehani au mkono?
— Mkono. Kata satini kubwa kuliko kofia, ziada vidole viwili kuzunguka. Sufu inatanuka, satini haitanuki. Ukiibana uzi utakatika siku ya kwanza ya kuvaa.