Somo: Kunasa makosa ya kumbukumbu kwa programu inayojikagua

Programu ya C au C++ ikianguka, mstari ilipoangukia mara nyingi hauna kosa. Kumbukumbu iliharibiwa mapema, kwingine kabisa, kazi ikaendelea hadi ilipoguswa tena. Kutapakaza printf kila kona kunachosha, na wakati mwingine kunalificha kosa lenyewe.

Hatua ya 1. Jenga programu upya kwa GCC au Clang (vikusanyaji vinavyogeuza msimbo kuwa programu) ukiongeza -fsanitize=address -g. Hapo AddressSanitizer inaingia ndani na kukagua kumbukumbu kila inaposomwa au kuandikwa. Ukiiacha -g, ripoti haitakuonyesha namba za mistari.

Hatua ya 2. Endesha majaribio yako. Kasi itashuka takriban mara 2, inavumilika.

Hatua ya 3. Soma ripoti, na hapa usiwe na haraka. Ikiandika heap-use-after-free (kumbukumbu imetumika baada ya kuachiliwa), chini yake kuna misururu mitatu ya wito wa funksheni: kumbukumbu ilipoguswa, ilipoachiliwa, na ilipotengwa. Wengi huvamia wa kwanza kwa kuwa ndio ulio juu, wakaweka sharti la if, ripoti ikanyamaza na kosa likabaki. Mimi huanza na wa pili: nani aliiachilia, na ilikuwa yake? Mara nyingi utakuta sehemu mbili za programu kila moja inajiona mwenye mali. Au std::vector (orodha ya C++ inayokua yenyewe) ilijaa, ikahamia nafasi kubwa zaidi, na kuna kielekezi (pointer) bado kinaonyesha ya zamani.

Hatua ya 4. Rekebisha hilo moja, jenga, endesha tena. Kwa kawaida AddressSanitizer husimama kwenye kosa la kwanza.

MASWALI

Mkuu, kuna maktaba sina msimbo wake. Nifanyeje?
— Tumia Valgrind, chombo kinachokagua programu inapoendeshwa; haidai kujenga upya. Jiandae tu kusubiri: Memcheck, sehemu yake inayokagua kumbukumbu, hupunguza kasi kati ya mara 10 na 50.

Nyuzi mbili (threads) zinaandika kigeu kimoja kwa pamoja. AddressSanitizer italiona hilo?
— Hapana. Hiyo ni kazi ya -fsanitize=thread, na uijenge peke yake; hazikai pamoja na ya address.

Nimeendesha, kimya. Ndiyo nimemaliza?
— Imekagua njia zilizopitiwa na majaribio yako tu. Tena kigeu kisichopewa thamani haikioni kabisa; kitafute kwa Memcheck, au -fsanitize=memory ya Clang.