Kugeuza mafaili ya zamani ya maandishi kuwa XML kwa Python bila kupoteza rekodi

Umeachiwa faili la zamani la maandishi, mistari mingine ina nukta mbili mingine haina, tarehe kila mtu kaandika na staili yake. Usikimbilie kuandika skripti ya kuligeuza kuwa XML (maandishi ambayo kila taarifa inafungwa ndani ya tegi, kama <simu>...</simu>). Lifungue kwanza, soma mwanzo, ruka katikati, soma mwisho, maana mara nyingi aliyeanza kulijaza sio aliyelimaliza na mpangilio unabadilika njiani.

Halafu enkodingi, yaani jinsi herufi zinavyohifadhiwa kama namba (baiti) ndani ya faili, hapa ndo wengi wanaumia. Mafaili ya zamani ya Windows mara nyingi ni enkodingi ya cp1252, ukisoma kama UTF-8 Python itagoma pale tu inapokutana na herufi ya ajabu, ukisoma kama latin-1 haigomi kabisa na hilo ndo baya zaidi, kwa sababu latin-1 inakubali baiti yoyote, zile alama za kunukuu zilizopinda (baiti 0x93 na 0x94 kwenye cp1252) zinageuka herufi zisizoonekana na wewe hujui. Jaribu open(jina, encoding="cp1252") kisha angalia kwa macho maneno yenye é au ñ.

Usitake kukamata rekodi nzima kwa regeksi (fomula ya kutafuta mpangilio wa herufi) moja ndefu. Pita mstari kwa mstari: ukiwa mtupu funga rekodi, ukianza na kitu kama "SIMU:" fungua sehemu mpya, ukianza na nafasi ni mwendelezo wa ule wa juu so uunganishe, na usioingia popote uandike kwenye faili la mabaki pamoja na namba yake. Hilo faili la mabaki ndo roho ya kazi yote. Usiweke except: pass, nakuomba kabisa, kila mstari unaopotea kimya kimya ni taarifa ambayo mtu alikaa akaiandika.

Tegi usiunge kwa mkono, siku ikitokea & au < ndani ya data XML yako haisomeki tena. Tumia xml.etree.ElementTree (i-import kama ET), inakuja na Python: ET.SubElement(rekodi, "simu").text = thamani, yenyewe inageuza & kuwa &. Ila herufi za kontroli (alama za amri zisizoonekana) haiziondoi, na XML 1.0 chini ya 0x20 inaruhusu tatu tu, 0x09, 0x0A na 0x0D. Mafaili ya DOS yanaweza kuwa na 0x1A mwishoni, ripoti za printa zina 0x0C za kukata ukurasa, kwa hiyo safisha kabla:

re.sub(r"[\x00-\x08\x0b\x0c\x0e-\x1f]", "", s)

Jina la tegi pia halianzi na namba wala halina nafasi, "2 SIMU" ifanye simu2.

Tarehe usibahatishe. 03/04/98 ni Aprili 3 au Machi 4? Tafuta kwenye faili hilohilo tarehe ambayo moja ya namba mbili za mwanzo inazidi 12, ndo itakuonyesha siku inakaa wapi, na maandishi ya asili yabakize kwenye atributi (taarifa ya ziada ndani ya tegi).

Ukimaliza endesha xmllint --noout toka.xml (xmllint ni programu ya kukagua XML, toka.xml ni faili ulilotoa), kisha hesabu rekodi za faili la zamani na za XML. Zisipolingana, rudi kwenye mabaki.