Kabla hujakubali kazi ya kuhamia mbali, anza kujipima mwenyewe

Mshahara najua ushauangalia. Mkataba usome wote mpaka yale maandishi madogo, uliza nani analipia kusafirisha vitu, haya tuendelee.

Wewe ni mtu wa aina gani? Usicheke. Wanasaikolojia wanagawa haiba kwenye sifa kubwa 5, na mwenye ile ya kupenda mambo mapya ndo huwa mwepesi kukubali kuhama, mchangamfu naye hivyo hivyo maana anajua watu atawapata popote. Mwenye wasiwasi atasita, na kusita sio lazima iwe uoga, saa nyingine ndo kaona mbali kuliko nyie wote.

Mimi ni wa kupenda mapya. Nilipigiwa simu asubuhi, nchi nyingine kabisa, mchana nishakubali. Jioni namwambia mke wangu, akasema "sawa", nami nikaichukua ile sawa kama ilivyo, sikuuliza kazi yake anaiachaje wala mama yake anamwachia nani, kichwani nilikuwa nafunga maboksi. Tukahama wote, mwezi wa kwanza kule raha tupu. Hapo ndo tunapodanganyika wengi, Kalervo Oberg, mtaalamu wa tamaduni za watu, alishaandika kuhusu hii kitu mwaka 1960, kwamba ugenini mwanzo ni kama fungate, shida inafuata baadaye. Mimi nilikuwa na ofisi na watu wa kupiga nao stori, mke wangu alikuwa na kuta 4. Mwezi wa 5 hatuongei zaidi ya "umekula?". Mwezi wa 8 akarudi nyumbani na watoto, miezi 3 mbele nami nikaacha kazi, bosi akabaki anashangaa maana kazini nilikuwa vizuri tu.

Kwa hiyo mwenzio muulize mara mbili, siku tofauti, na akisema hapana usimnunie. Watoto wakubwa nao waulize.

Jiulize pia kama unaifuata kazi au unamkimbia bosi wa sasa. Na usikubali eti kwa sababu umeona aibu kukataa.

Ukiweza nenda kakae wiki 2 kwanza, sio hotelini, kaa wanapokaa watu. Hela ya nauli ya kurudi iweke pembeni usiiguse, vitu usiuze vyote, uliowaacha usigombane nao, vyeti beba mwenyewe mkononi, dawa zako pia, na simu za nyumbani pokea hata ukiwa umechoka.