Kabla hujarusha setelaiti, omba masafa

Vijana watatu walinifuata kibandani kwangu Mwanga, Kigoma, na kiboksi cha sentimita 10 kila upande. Paneli za sola zimeshabandikwa, betri imejaa. Walitaka setelaiti yao ipokee taarifa za vifaa vilivyofungwa kwenye mitumbwi ya dagaa, kisha wawauzie wenye mitumbwi. Nikawauliza: masafa mmepewa yapi? Wakatazamana.

Redio yao ilikuwa 437 MHz. Hapo uko ndani ya 435 hadi 438, masafa ya setelaiti za redio za ridhaa. Ridhaa ni kama ndondi za ridhaa tu: huchezi kwa kulipwa. Biashara yao ilikuwa imekwama kabla haijaanza.

Wewe usifike huko. Sajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujanunua redio. Kampuni haipeleki maombi ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, Geneva. Nchi ndiyo hupeleka, na masafa ya nchi hii yako chini ya TCRA. Nenda na kimo cha mzingo, mwinamo wake kwa nyuzi, masafa ya kupanda (ardhini kwenda setelaiti) na ya kushuka, nguvu kwa wati, na mahali pa kituo cha ardhini. ITU huyatangaza hayo kwa nchi zote, nazo hupewa miezi minne kuweka pingamizi. Sisi huku tunaelewa kwa nini: ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kaskazini Burundi, na mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Kama safari haizidi miaka 3 na setelaiti hazizidi 10, ulizia utaratibu mwepesi wa ITU uliopitishwa 2019.

Jambo moja wengi hulisahau: setelaiti lazima inyamaze papo hapo ikiamriwa kutoka ardhini. Vijana wangu walikuwa wameandika amri ya kuwasha. Ya kuzima, hakuna.

Kituo cha ardhini kina leseni yake, na ukisimamisha mlingoti jirani na uwanja wa ndege, pita TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza.

Usijidanganye kwamba kadude kadogo hakataonekana. Januari 2018 Swarm Technologies ya Marekani ilirusha vinne kwa roketi ya India, baada ya kunyimwa kibali kwa sababu vilikuwa vidogo mno kufuatiliwa na rada. Walilipa dola 900,000.

Kiboksi cha vijana kiko kwenye rafu yangu, kati ya redio mbili za boti. Ile ya 437 wameshaing'oa. Tundu la skrubu limebaki wazi.