Kuifuata SREBP-2 kutoka retikulamu hadi kwenye kiini cha seli

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi aliyekuwa amerudia jaribio hili mara tatu, na kila mara mstari wa protini alioutaka kwenye bloti haukuonekana. Seli zake zilikuwa nzima kabisa.

SREBP-2 ni protini inayowasha jeni za kutengeneza kolesteroli, ila kwanza lazima isafiri. Hukaa kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu ikiwa imeshikana na SCAP, protini inayoisindikiza. Kolesteroli ikipungua, SCAP huipeleka Golgi, kituo kingine ndani ya seli, katika vifuko vya usafirishaji viitwavyo COPII. Huko vimeng'enya S1P na S2P huikata, na kipande kilichokatwa huingia kwenye kiini. Kolesteroli ikijaa, protini nyingine, Insig, huizuia SCAP isiondoke.

1. Otesha seli za binadamu aina ya HeLa katika sahani tatu. Aina ya HEK293 siipendi hapa, hubanduka ukiiosha.

2. Jioni badilisha seramu: weka isiyo na lipoprotini, asilimia 5, pamoja na kompaktini (dawa inayozuia seli kutengeneza mevaloneti, malighafi ya kolesteroli) mikromola 50 na mevaloneti mikromola 50. Mevaloneti usiisahau, seli huihitaji kwa mambo mengine mbali na kolesteroli.

3. Asubuhi, sahani ya pili na ya tatu zipate kolesteroli (mikrogramu 10 kwa mililita) na 25-hidroksikolesteroli, ndugu yake (mikrogramu 1 kwa mililita). Ya tatu iongezwe dawa ya brefeldini A; kazi yake utaiona katika hatua ya 6.

4. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokwama, na mimi zamani nilipoteza siku nzima papo hapo. Kipande kinachoingia kwenye kiini hakidumu: proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini, hukila upesi. Saa moja kabla ya kuvuna, weka ALLN, dawa inayoizuia proteasomu, mikrogramu 25 kwa mililita, katika sahani zote tatu. Ukiiweka kwenye moja tu, hutajua tofauti imeletwa na kolesteroli au na dawa. Usiiache usiku kucha, ni sumu kwa seli. Tangu hapo fanya kila kitu juu ya barafu, na vizuizi vya protiezi (vimeng'enya vinavyokata protini) viwemo kwenye bafa kabla seli hazijapasuliwa.

5. Endesha jeli itenganishe protini kwa ukubwa, zihamishie kwenye utando (hiyo ndiyo bloti), weka kingamwili ya SREBP-2. Picha za hadubini zinapendeza, lakini kwa swali hili naamini bloti, kwa sababu inaonyesha kama protini imekatwa.

6. Soma mistari. SREBP-2 nzima iko karibu na kilodaltoni 125, iliyokatwa karibu na 68. Sahani ya kwanza itaonyesha 68, ya pili itafifia. Ya tatu itaonyesha 68 tena ingawa kolesteroli imejaa, kwa kuwa brefeldini imevirudisha vimeng'enya vya Golgi kwenye retikulamu, vikaikuta SREBP-2 palepale ilipozuiliwa.