Somo: Namna ya kuwashirikisha wenzako kitabu unachokisoma sasa, na kile cha moyoni

Habari za jioni, ndugu wasomaji. Wanachama wapya wa kundi letu la kusoma vitabu wameniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: "Nikifika na kitabu changu, naanzaje?" Nimeona niliandike mara moja, ili anayekuja Jumapili asikae pembeni akisubiri wengine waseme.

Kwa ambao hawajafika: tunakutana Ilala, uani kwa mwenzetu, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Kila mtu anakuja na vitabu viwili, anachokisoma sasa na anachokipenda kuliko vyote. Havisemwi kwa namna moja. Nimechelewa sana kulijua hilo, na ndiyo sababu ya somo hili.

Hatua ya kwanza: njoo na kitabu hujakimaliza

Usingoje ufike mwisho. Ukishamaliza unakuwa umeshahukumu, na wenzako wanabaki kupokea hukumu yako tu. Kitabu kikiwa bado kinakuhangaisha, mnahangaika nacho wote.

Chukua kipande cha karatasi. Andika jina la kitabu, mwandishi, ukurasa uliofikia, na swali moja ambalo hadi sasa hujalipatia jibu. Swali liwe la kweli, lile linalokurudia ukiwa kwenye foleni ya daladala.

Mwenzetu mmoja alikuja na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ile riwaya ya mwaka 1999. Alikuwa hajafika hata nusu. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja: "Yasmin anamchukia Bwana Raza, au anawachukia waliomwoza?" Ambaye hajaisoma ajue tu kwamba Yasmin ni binti mdogo aliyeozwa kwa mwanamume wa kumzaa. Swali lile lilikaa uani pale zaidi ya nusu saa. Mama mmoja ambaye huwa hasemi kitu, miezi yote yeye ni kusikiliza na kumenya machungwa, aliweka kisu chini akasema, "Mimi niliwachukia walionioza. Mume nilimwonea huruma, naye alikuwa kaambiwa tu." Hakuna aliyemwuliza zaidi. Wiki ile nakala mbili za kitabu kile zilizokuwa miongoni mwetu zilipita mikono minne.

Ule mstari mmoja ndio uliofanya kazi. Angesimama kutueleza maudhui na wahusika kama tulivyofundishwa shule, mama yule angeendelea na machungwa yake.

Hatua ya pili: soma ukurasa mmoja kwa sauti

Hapa nawaomba mniamini, maana nilijifunza kwa kuumia. Miaka ya mwanzo nilikuwa nasimulia kitabu chote, nani kafa, nani kamsaliti nani, mpaka mwisho. Siku moja nikiwa katikati ya raha yangu, nikamwona dada aliyekaa mbele yangu anatoa kitabu kile kile kwenye mkoba. Alikuwa amekinunua wiki ile, karatasi ya bei ilikuwa bado iko mgongoni. Alitazama jalada kidogo, akakirudisha mkobani, akafunga zipu. Hakukisoma. Nilikuwa nimemwaga mtama wote, na hakuna wa kuuzoa.

Tangu hapo ni ukurasa mmoja tu. Uchague nyumbani. Si lazima uwe wa kwanza, ila usitoke theluthi ya mwisho. Usome mara mbili kwa sauti ukiwa peke yako, uweke alama ya penseli mahali pa kuvuta pumzi, kisha mbele ya watu usome bila haraka. Dakika mbili au tatu zinatosha. Ukimaliza, nyamaza. Usieleze ulichosoma. Acha kimya kifanye kazi yake, mtu wa kwanza kusema awe mwingine.

Kama umekuja na utenzi, hili ni lazima zaidi. Ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Mizani hizo hazihesabiwi kwa macho, zinasikika. Nimewahi kuona kijana aliyedai mashairi yanamchosha akitikisa kichwa kwa mahadhi, kwa sababu tu aliyesoma alijua kusoma.

Hatua ya tatu: kitabu cha moyoni, taja deni lake

Kitabu ukipendacho hakihitaji sifa. "Ni kizuri sana, kina mafunzo" hakijamfanya mtu yeyote afungue jalada. Tuambie kilikufikaje, ulikuwa katika hali gani, na kilikuachia nini.

Changu ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nakala yangu niliipata kwa wauzaji wa mitumba Mtaa wa Samora, wale wanaopanga vitabu kwenye turubai migongo ikitazama juu, ukiinama dakika tano unasikia kiuno. Jalada lilikuwa limetoka, mwenye nacho wa zamani kakishona kwa uzi mweusi, mshono wa godoro. Ndani kuna jina la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mbele kidogo sentensi moja imepigiwa mstari kwa wino mara mbili, na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine, imeandikwa kwa penseli: "Kweli?" Sijui ni nani hao wawili. Nimeishi nao miaka mingi.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi mahali ambapo mkubwa wetu hakupenda kurekebishwa, nami nilikuwa nimejizoeza kunyamaza hadi nikaanza kuuona unyamavu wangu kama adabu. Nikakutana na Karama, mhusika wa kitabu hicho. Anashtakiwa mbele ya mfalme, mshtaki wake ni Waziri Majivuno, na yeye anaanza kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, hakimbii, hatukani. Nilisoma nimesimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Buguruni, nikapitiliza kituo. Wiki iliyofuata niliomba nafasi kwenye kikao cha kazini nikasema lililokuwa halisemwi. Nilisema polepole, kwa heshima, na nilisema lote.

Hilo ndilo deni. Nikilieleza hivi, watu wanakiomba.

Hatua ya nne: uliza vizuri

Mwenzako akimaliza, usimwulize "Kizuri?" Muulize alikuwa wapi alipofika ukurasa ule. Muulize ni nani ndani ya kitabu asingependa kukaa naye meza moja. Majibu yatakuja yenyewe.

Hatua ya tano: azimisha kwa daftari

Nunua daftari la kurasa 96. Chora safu: kitabu, mwazimaji, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na hali ya kitabu. Watu wengi huiruka safu ya mwisho, na ndiyo inayozuia ugomvi. Andika "uk. 31 umechanika pembeni" kabla hakijatoka mlangoni.

Kivalishe karatasi ya kaki, juu yake nailoni. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu, gundi ya mgongo inaachia, na masika yakiingia Machi karatasi zinaota ukungu usipoangalia. Kwa hiyo rafu isigusane na ukuta wa nje, na vitabu visibanane hadi hewa ikakosa njia. Kitabu kikinyeshewa usikianike juani, kitajikunja kama dagaa. Weka karatasi laini ya chooni kila baada ya kurasa chache, kisimamishe kimeachama mahali penye upepo, ubadilishe karatasi zikilowa. Siku mbili tatu kitakuwa kimekauka.

Wa kununua aende duka la vitabu la TPH, Mtaa wa Samora, au la Soma pale Mikocheni. Asiye na pesa aende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na bado ni mahali pazuri pa kukaa na kitabu mchana kutwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tabata: *Dada, mimi nasoma polepole mno. Kitabu kimoja miezi mitatu. Naona aibu kuja na kile kile kila mwezi.*

Njoo nacho. Tutajua uko ukurasa wa 60, mwezi ujao 85, na tutakusubiri. Yupo baba mmoja kwetu amekaa na riwaya moja tangu mwaka jana, na tukitaka kukumbuka nani alisema nini, tunamwuliza yeye.

Mwanachama wa Kigamboni: *Napenda riwaya za upelelezi. Nikizitaja naona watu wanatabasamu, kama vile nimeleta kitu cha watoto. Nilete au nitafute kingine?*

Kaka, leta hizo hizo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 kabla ya kuchapishwa 1960, na ndiyo iliyotuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Baadaye Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango, na watu ambao hawakuwahi kugusa kitabu baada ya shule wakawa wanapokezana nakala hadi zinaisha majalada. Wengi wetu wa umri wangu tulianzia hapo, tukisoma kwa kibatari wazazi wakidhani tunadurusu. Atakayetabasamu, msomee ukurasa mmoja, ukatishe pale mlango unapogongwa. Utamwona atakavyokufuata hadi kivukoni.

Mwanachama wa Sinza: *Nasoma zaidi vitabu vya Kiingereza, na baadhi ya wenzetu hawapendi kusoma Kiingereza. Nifanyeje?*

Tafsiri ule ukurasa wako mmoja tu. Kaa nao usiku mmoja, uandike kwa Kiswahili chako, utusomee. Utakijua kitabu chako upya, maana utagundua sentensi ulizokuwa unazipita bila kuzielewa. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Tumeipata kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 hadithi ya pwani yetu ilikuwa inasomwa na wengine. Ukurasa wako mmoja usisubiri kiasi hicho.

Mwanachama wa Mbagala: *Kuna mtu kanitumia riwaya nzima kwa simu, ya PDF. Naruhusiwa kuisambaza kwenye kundi letu?*

Hapana, ndugu yangu, na nakuomba usinichukie. Kama mwandishi au mchapishaji mwenyewe ameitoa bure, sambaza mchana kweupe. Kama imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, hapo unaona hadi kidole gumba cha aliyeshika, huo ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo kwa ajili hiyo. Sheria tuiweke kando kidogo: waandishi wetu wa Kiswahili wanauza nakala chache, na kila nakala ina maana kwao. Changeni watano, mnunue kimoja, kizunguke. Ukurasa mmoja wa kuwaonjesha watu hautamkosesha mwandishi chakula, utamletea wanunuzi.

Mwanachama wa Ukonga: *Mwenzangu kaniazima kitabu anachokipenda sana. Nimejitahidi, hakinishiki. Nitamwambiaje?*

Mwambie ulipoishia. "Nimefika ukurasa wa 72, hapo nikakwama, wewe ulipapitaje?" Ni kweli, na haimuumizi. Mara nyingi atakuonyesha njia aliyopita yeye. Asipoweza, mrudishie kwa mikono miwili na umshukuru. Alikupa kitu cha thamani.

Mwanachama wa Gongo la Mboto: *Binti yangu ana miaka tisa, anataka kuja.*

Aje na kitabu chake. Watoto husoma wa kwanza, kabla ya chai.

Mwanachama wa Temeke: *Shikamoo dada. Nilimwazima shemeji yangu kitabu cha marehemu baba, kina saini yake ndani. Mwaka umepita. Kila nikigusia anasema "bado nasoma". Ni mtu mzima, naogopa kuvunja heshima.*

Marahaba, mdogo wangu. Usimdai kwa simu, na usimtume mtoto. Nenda mwenyewe jioni, na uende na kitabu kingine mkononi, ambacho unaweza kuishi bila kukipata tena. Mwambie, "Shemeji, nimekuletea hiki, nilikisoma nikakukumbuka. Nami nimeikumbuka saini ya baba, nina hamu ya kuiona." Itaje saini. Huenda hajui kwamba ndicho unachokililia, anadhani ni karatasi tu.

Nilifanya hivyo kwa mzee mmoja ninayemheshimu. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na kitabu changu kimefungwa kwenye kitenge. Hakuwa amekisoma. Mke wake ndiye aliyekuwa anakisoma, kwa siri, alikuwa amefika ukurasa wa 118 na ameweka unyoya wa kuku kama alama. Nilikiacha pale pale. Mama huyo sasa huja Ilala kila mwezi, na Jumapili hii zamu ya kusoma ukurasa ni yake.