Kisu chenye utando: namna ya kukichagua na kukitunza pwani

Unaponunua kisu kilichopakwa rangi au utando, kielekeze kwenye mwanga na utazame makali kabla ya bapa. Katika visu vingi utaona uzi mwembamba wa chuma kitupu, kwani hunolewa baada ya kupakwa. Na hata pale rangi inapofika hadi kwenye makali, kinoo huiondoa mara ya kwanza tu. Utando hulinda bapa. Makali yamebaki kwako, na hapa Unguja na Pemba, ambako upepo wenyewe umebeba chumvi, kutu huanzia hapo.

Tando hazilingani. Rangi nene, nyeusi au nyekundu, huzuia maji vizuri maadamu ni nzima, lakini hukwaruzika upesi. Utando laini usioshika chakula, wa aina ile ya vikaango, husaidia penye ulimbo, ingawa kwa fenesi sioni kama unayashinda mafuta ya nazi yaliyopakwa kisuni. Nao usiutie motoni, kwa kuwa huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 260 hivi. Ule wa rangi ya dhahabu, yaani naitraidi ya titani, ni mgumu kuliko chuma cha kisu chenyewe na hudumu miaka, lakini unene wake ni maikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita, na unyevu hupenya katika vitundu visivyoonekana kwa macho.

Nilikuwa na kisu cheusi cha samaki ambacho nilizoea kukiacha katika beseni baada ya kukatia jodari. Masika yalipokwisha, karibu na mpini, palipokuwa na mkwaruzo mdogo, rangi ilikuwa imeinuka kama lengelenge. Nilipoibonyeza kwa ukucha ilibanduka, na chini yake kutu ilikuwa imetambaa kupita mkwaruzo wenyewe.

Kwa hiyo kioshe kisu mara tu umalizapo kazi, kwa sabuni na kitambaa laini, bila mchanga, jivu wala waya wa kusugulia masufuria. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya mfereji. Kikaushe mpaka pale bapa linapoingia mpinini, kisha upake mafuta ya nazi kwenye makali, kiasi cha kuacha mng'ao tu, kwa maana yakizidi huvunda na kunata. Usikilaze ndani ya ala ya ngozi, ambayo hushika unyevu. Wakati wa kunoa, inua mgongo wa kisu kidogo ili kinoo kiguse makali peke yake, kwani ukikilaza kabisa utakwaruza utando wote.

Rangi ikianza kubanduka, usipake nyingine juu yake, maana vipande vyake vitaingia chakulani na kutu itaendelea kujificha chini. Iondoe yote kwa msasa wa maji, ukikisugua kuelekea nchani, kioshe, kikaushe, kisha upake mafuta bapa zima kila baada ya kukitumia.